Visiwa vya Lamu kwa Anayetoka Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila likizo ya shule ikikaribia, na kila Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, unapoandama, jamaa na majirani zangu hapa Mombasa huniuliza mambo yale yale kuhusu Amu na visiwa vilivyo jirani yake. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Siyu, kwa hivyo njia hiyo naijua tangu nabebwa mgongoni. Nimeyaandika majibu hapa ili kila mtu ayapate mahali pamoja. Neno moja litajirudia mara nyingi, nalo ni maji. Huko safari hupangwa kwa kujaa na kupwa kwa bahari kwanza, saa ya mkononi baadaye.

Visiwa vyenyewe ni vipi?

Vikubwa ni Amu, Manda na Pate. Mbele yake kuna Ndau, halafu Kiwayuu, na kutoka Kiwayuu kuelekea mpaka wa Somalia kumepangika visiwa vidogo vya matumbawe ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979. Vingi kati ya hivyo havina watu.

Wengi hutatizwa na jina Lamu. Lamu ni kaunti, Lamu ni kisiwa, na Lamu ni mji. Wenyeji husema Amu, na wao ni Waamu. Kaunti yenyewe ina bara kubwa pia: Mokowe, Hindi, Mpeketoni, Witu. Jambo la pili linalowatatiza watu ni Pate. Pate ni kisiwa kizima, tena ndicho kikubwa kuliko vyote, na pia ni mji mmoja ndani ya kisiwa hicho. Siyu, Faza, Kizingitini na magofu ya Shanga vyote viko kisiwani Pate. Ukiambiwa "nenda Faza, kisha uvuke hadi Siyu", usitafute boti; hapo ni njia ya nchi kavu.

Nitafikaje kutoka Mombasa?

Wengi wetu huenda kwa basi. Mabasi ya Lamu hupatikana maeneo ya barabara ya Abdel Nasser na Mwembe Tayari, na tiketi ni vizuri ukaikata siku moja kabla, hasa karibu na Idi na Maulidi. Unavuka daraja la Nyali, Mtwapa, Kilifi, Malindi, Gongoni, Garsen, Witu, Hindi, hadi Mokowe. Ni kilomita 340 hivi. Zamani kipande cha kuanzia Garsen kilikuwa mateso: masika basi likizama tope mnashuka, mnasukuma, na watu walikuwa wakilala njiani. Sasa ni lami mpaka Mokowe, na siku ikiwa njema utakuwa gatini alasiri.

Mokowe ndio mwisho wa gari. Ukishuka utazungukwa na vijana wa boti, kila mmoja akishika mkoba wako. Usiwakasirikie, wanatafuta riziki, lakini begi lishike wewe mwenyewe na umuulize abiria mwenzako, hasa mama wa makamo aliyebeba vikapu, nauli ya leo ni ngapi. Panda boti anayopanda yeye. Boti ya abiria ya kawaida huchukua kama nusu saa hadi Amu. Zile za kasi ni upesi zaidi na bei yake ni nyingine. Vaa jaketi la kuokoa maisha hata kama wengine wamelikalia.

Barabara ni salama?

Swali hili nalijibu kwa moyo mzito. Kipande cha Garsen hadi Lamu kimewahi kushambuliwa na magaidi wa al-Shabaab, na Mpeketoni ilimwaga damu nyingi mwezi wa Juni 2014. Familia nyingi za huko bado zimebeba majonzi hayo. Ndiyo maana utakuta vizuizi vya polisi na jeshi, abiria kushushwa na kukaguliwa, na nyakati nyingine magari kusafiri kwa kusindikizwa au kuzuiwa usiku. Beba kitambulisho chako halisi, si picha yake kwenye simu. Mtoto aende na cheti cha kuzaliwa.

Maelfu ya watu hupita njia hiyo na kufika salama, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini hali hubadilika, kwa hivyo wiki ya safari ulizia ofisi ya basi, na kama una mtu Amu mpigie. Safiri mchana. Na ukiwa Lamu bara, usijitie kutalii upande wa msitu wa Boni. Huko kuna operesheni ya kijeshi tangu mwaka 2015.

Je, kuna ndege?

Uwanja uko kisiwani Manda, ng'ambo ya mji wa Amu. Ndege nyingi hutoka Nairobi, nyingine hupitia Malindi. Ukitua unatembea hatua chache hadi gatini, unapanda boti, na dakika kumi baadaye uko mjini.

Naweza kwenda kwa jahazi kutoka Bandari ya Kale?

Vijana huniuliza hili macho yakiwaka, na naelewa. Babu zetu walikwenda hivyo: kusi likivuma unapandisha tanga kutoka Mvita na upepo unakusukuma mpaka Amu; kaskazi likiingia unarudi na boriti za mikoko, makuti na chokaa. Majahazi ya mizigo bado yapo, ila hayakuwekwa kwa ajili ya abiria, na nahodha anayejali leseni yake hatakuchukua. Hamu ya tanga ikatie huko huko visiwani, ambako kukodi mashua kwa siku moja ni jambo la kawaida na ndani ya mkanda wa mikoko bahari ni tulivu.

Haya maji unayoyasema kila mara, nitayajuaje?

Hesabu yake ni rahisi, nami ningependa kila mtoto wa Pwani aijue. Angalia mwezi wa angani, ule wa Kiislamu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na siku ya kwanza na ya kumi na tano, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo hujaa karibu saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa karibu saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Kwa hivyo mwezi tano au mwezi kumi na tisa yatajaa karibu saa moja na nusu asubuhi. Ikifika mwezi saba au nane ni maji mafu. Bahari haijai sana wala haipwi sana.

Kwa nini nakusumbua na hesabu? Kwa sababu Manda na bara zimetenganishwa na mlango mwembamba wa mikoko uitwao Mkanda, na boti za Pate hupita hapo maji yakiwa yametosha. Takwa huingiliki kwa mashua maji yakipwa. Mji wa Pate wenyewe umezungukwa na tope, ukichelewa utashushwa Mtangawanda, gati jingine la kisiwa hicho. Nilipokuwa na miaka ishirini na kitu niliwahi kubishana na nahodha mzee kwamba tungoje rafiki yangu amalize chai. Tulingoja. Maji hayakutungoja. Tulikaa juu ya fungu la tope tangu adhuhuri mpaka magharibi, mashua imelala ubavu, mbu wanatula, na yule mzee hakunilaumu hata kwa neno moja, akanipa nusu ya mkate wake. Tangu siku hiyo nikiambiwa "twende sasa", nakwenda.

Tena sisi watu wa Mombasa tuna sababu ya ziada ya kuyaheshimu maji ya Amu. Karibu mwaka 1812 jeshi la Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, likishirikiana na Pate liliteremka Shela kuipiga Amu. Waamu wakawashinda, na masimulizi ya huko yanasema waliokimbilia majahazi yao waliyakuta yamekaa mchangani, maji yamepwa. Wakauawa pale pale ufukweni. Waamu, wakihofia kulipiziwa kisasi, walimwendea Sayyid Said wa Oman kutaka ulinzi, na siasa ya Pwani nzima ikageuka. Utakapotembea Shela bahari ikiwa mbali na mashua zimekaa juu ya mchanga, simama kidogo ulitazame jambo hilo kwa macho yako.

Mjini Amu niangalie nini, na siku ngapi zatosha?

Siku mbili za mji peke yake, kama unakwenda kwa utulivu. Mji huu uliwekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na sababu utaiona: ni mji wa Waswahili unaoishi bado. Haujageuzwa maonyesho. Anza na njia kuu, Usita wa Mui, inayopita katikati sambamba na pwani. Kaskazini ni Mkomani, mitaa ya nyumba za mawe. Kusini ni Langoni. Tazama daka la kila mlango, lile baraza la kupokelea wageni bila kuwaingiza ndani, na tazama juu uone wikio, chumba kilichovuka njia kuunganisha nyumba mbili ili wanawake wapite bila kushuka barabarani. Ukipata bahati ya kukaribishwa ndani utaona zidaka, yale matundu ya chokaa yaliyochongwa ukutani safu kwa safu, ambako vyombo vya Kichina vilikuwa vikipangwa.

Ngome iko pale uwanjani penye mikungu na wazee wa bao. Ilikamilika karibu mwaka 1821, na kuanzia mwaka 1910 hadi 1984 ilikuwa jela. Sasa ni makumbusho. Kuna jumba la makumbusho mbele ya bahari pia, na nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa ilivyokuwa. Msikiti wa Pwani, ulio karibu na ngome, una mwandiko wa mwaka 1370. Hayo yote yanakwisha kwa asubuhi moja. Kinachohitaji siku ya pili ni kukaa: alasiri barazani, kahawa chungu, tende, watu wakirudi kutoka msikitini. Kwa mtu wa Mji wa Kale Mombasa ni kama kuiona Ndia Kuu yetu kabla ya magari kuiingia.

Ni kweli hakuna magari?

Njia zenyewe haziruhusu; nyingi hupishanisha watu wawili tu. Mizigo hubebwa na punda na hamali wenye mikokoteni. Pikipiki zimeingia kisiwani miaka ya karibuni na zimezua mvutano mkubwa, kwa sababu mngurumo na kasi yake haviendani na vichochoro ambamo watoto hucheza. Mimi nakuomba utembee. Ukisikia nyuma yako "hoya! hoya!" au kwato, jibane ukutani, punda aliyebeba mawe hawezi kusimama ghafla. Amu ina zahanati ya punda tangu miaka ya 1980, hutibu bure, na ukimwona mnyama ana kidonda, mwambie mwenyewe kwa upole ampeleke.

Nikitaka ufuo wa kuogelea?

Nenda Shela. Ni mwendo wa dakika 40 hivi kwa miguu kando ya bahari kutoka mjini, ama boti ikiwa jua ni kali au maji yamejaa hadi ukutani. Baada ya kijiji unaanza mchanga ambao hauishi, kama kilomita 12, na nyuma yake vilima vya mchanga. Vilima hivyo ndivyo vinavyonywesha Amu: mvua huzama ndani yake na kuhifadhiwa chini kama maji matamu, na visima vya mji huyapata kutoka huko. Usiteremke juu yake kwa pikipiki, usiache taka, na usikubali kuambiwa ni "mchanga tu".

Ogelea karibu na kijiji, mbele ya mlango wa bahari kuna mkondo wenye nguvu hasa maji yanapotoka. Wakati wa kusi mawimbi ni makubwa.

Manda kuna nini zaidi ya uwanja wa ndege?

Takwa. Mji uliokaliwa tangu karne ya 15 hadi ya 17, kisha watu wakauacha, na wazee wa Shela husema wao ndio kizazi cha waliohama. Yasemekana maji ya visima yaligeuka chumvi. Msikiti wa Ijumaa umesimama bado na nguzo juu ya kibla chake, mibuyu imeota ndani ya nyumba, na nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo ambako watu wa Shela huvuka kwenda kuomba mvua. Ingia na maji yanayojaa, toka kabla hayajapwa: muda wa kutosha ni saa mbili hivi. Kaskazini mwa kisiwa kuna kituo cha zamani zaidi, mji wa Manda, wa karne ya 9. Mwaka 2013 wanaakiolojia walipata kisiwani Manda sarafu ya mfalme Yongle wa Uchina, aliyetawala 1402 hadi 1424.

Wengi husema Pate ni taabu. Niende?

Nenda. Kama una siku tano, mbili zipe Pate. Taabu ipo, sikufichi: boti ya abiria kutoka Amu huondoka maji yanapotaka, pengine saa kumi na moja alfajiri, imejaa watu, unga, magodoro na kuku. Hakuna hoteli kama za Shela. Utalala nyumba ya mtu kwa malipo mliyokubaliana, utaoga kwa kata, na maji utayatumia kwa adabu kwa kuwa sehemu kubwa hutegemea mvua inayokingwa kwenye jabia. Kiangazi kikiwa kirefu ndoo moja ni mali.

Lakini ni huko ndiko lugha hii tuliyonayo ilikopambwa. Mwana Kupona binti Msham, aliyemwusia binti yake kwa tungo mwaka 1858, ni mtu wa kisiwa hiki. Mjini Pate utapita magofu ya Wanabahani, ukoo wa masultani wa Pate, ukiwa katikati ya mashamba ya tumbaku. Kuta za majumba ya masultani zinazuia upepo usiiangushe miche. Kila nikipita hapo husikitika, na nikimwona mkulima akipumzika kivulini mwa mlango wa mfalme huona pia kwamba uhai haukukatika.

Siyu ndiko kwetu. Ulikuwa mji wa wanazuoni, wanakili wa misahafu na mafundi wa ngozi, na bado utapata viatu vya ngozi vilivyotiwa nakshi kwa mkono. Ngome yake imekaa ukingoni mwa mkono wa bahari; maji yakijaa inajitazama ndani yake. Majeshi ya Sayyid Said yalishindwa hapo miaka ya 1840, na bibi alikuwa akilisimulia hilo kana kwamba lilitokea juma lililopita.

Shanga ni mwendo wa miguu kutoka Siyu, na mchukue kijana wa hapo akuonyeshe njia, kwani vichaka hufunga na njia nyingine huzibwa na maji. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba hapo miaka ya 1980 na kukuta, chini ya msikiti wa mawe, mabaki ya misikiti midogo ya miti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Hiyo ni miongoni mwa dalili kongwe za Uislamu katika Afrika Mashariki, na iko hapo kwenye nyasi, bila geti la fahari. Vigae vya Kichina utaviona ardhini. Viache. Kuviokota ni kosa kisheria, na kila kinachotiwa mfukoni kinapoteza habari ya mahali kilipolala.

Pikipiki za kukodi zipo kati ya Mtangawanda, Siyu, Faza na Kizingitini. Faza ina hospitali na ndipo makao ya serikali. Kizingitini ni bandari ya wavuvi, na asubuhi kamba wanaposhushwa pana burudani yake.

Na Kiwayuu?

Kisiwa chembamba, kirefu, upande mmoja bahari kuu na upande mmoja maji yaliyotulia kama sinia. Kasa hupanda mchangani kutaga na wanavijiji hulinda viota. Usinunue mayai wala gamba lake, na ukiwa ufukweni usiku zima tochi. Mwaka 2011 wageni walivamiwa Kiwayuu na Manda, mmoja akauawa na wawili wakatekwa, na tangu hapo usalama wa upande huo umeangaliwa kwa makini. Usiende bila kuuliza kwa maafisa wa Amu na bila nahodha mwenyeji. Kwa mara ya kwanza, ningekushauri umalizie Pate.

Msimu mzuri ni upi?

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ni shwari zaidi na joto ni kali. Kusi huingia Aprili na mvua za masika, na kati ya Juni na Agosti bahari ya nje huchafuka ingawa ndani ya mkanda hupitika. Septemba na Oktoba hewa ni tamu, bei hazijapanda. Ramadhani ina utamu wake kwa anayefunga: usiku mji huamka. Asiyefunga ajue mchana mikahawa mingi imefungwa, na kula njiani ni utovu wa adabu.

Maulidi ya Lamu ni lini?

Mfungo Sita, na kilele chake huwa mwishoni mwa mwezi, msikiti wa Riyadha. Msikiti huo uliasisiwa na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akawafundisha wote, wakiwemo watu wa kawaida na watumwa waliokuwa wakinyimwa elimu. Wengine walimpinga kwa hilo, na ndilo lililomfanya apendwe hadi leo. Wageni huja kutoka Mombasa, Tanzania, Ngazija na mbali zaidi. Kuna tari, goma la fimbo, mbio za punda, mashindano ya mashua, na ziara kaburini kwake. Malazi hujaa mapema mno, kwa hivyo panga miezi miwili kabla, au uwe na jamaa. Watu hulala hadi barazani na hakuna anayefukuzwa.

Nivae vipi, niseme vipi?

Vaa unavyovaa ukienda kumwamkia mzee Mji wa Kale. Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni, si ya njia za mji. Mkubwa mpe shikamoo. Ukipita barazani toa salamu hata kama huwajui. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba, na kwa wanawake, ukikataliwa mara moja yatosha. Kileo ni cha hoteli chache tu.

Lugha itakupendeza. Mji wao huuita mui, njia ni ndia, na kuja ni kuya. Usiwasahihishe. Kimvita chetu na Kiamu chao ni ndugu wa tumbo moja, na wengi wa wazee watafurahi ukiwauliza neno la zamani kuliko ukiwauliza bei.

Chakula?

Asubuhi mahamri na mbaazi, ama mkate wa mofa ukiupata kwa anayeoka bado. Unga wake mara nyingi ni wa mtama na huokwa ukutani mwa tanuri la udongo. Mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka. Jioni mishkaki na viazi vya karai njiani. Kamba na kaa ni bei nafuu kuliko Mombasa, lakini ulizia bei kabla hawajaenda jikoni. Maji ya ukwaju kunywa. Na maembe ya Lamu, ngowe hasa, yakiwa msimuni, hapo mimi sina maneno.

Pesa, simu, matibabu?

Benki na mashine za pesa ziko mjini Amu. M-Pesa hufanya kazi karibu kila mahali, ila Pate mtandao huja na kuondoka na wakala anaweza kuishiwa, kwa hivyo beba taslimu, tena noti ndogo. Hospitali ya King Fahd iko Amu. Lala ndani ya neti. Mwenye sukari au shinikizo la damu abebe dawa za siku zote na za ziada ya siku tatu, kwa sababu ya maji.

Bandari mpya imeiharibu Lamu?

Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, upande wa bara huko Kililana. Kutoka mji wa Amu huioni mbele ya macho yako. Lakini keti na wavuvi: watakwambia mahali walipokuwa wakitega na ambapo sasa hawafiki. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2018 kwamba walistahili fidia na kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Zaidi ya asilimia 60 ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na samaki hukulia humo. Wapo vijana waliopata kazi bandarini na wanaishukuru, nao wasikilize. Mimi naumia nikiona maji yaliyolisha ukoo wangu yakichimbuliwa, na sitajifanya kwamba siumii.

Watoto na wazee wataweza?

Watoto, bila wasiwasi, mradi wavae jaketi botini. Mzee mwenye magoti mabovu Amu ataweza, ila ngazi za gatini huteleza maji yakipwa. Subiri yajae, boti ipande juu, ashuke hatua moja. Pate kwa mzee ni safari nzito, isipokuwa kama anakwenda kwao.

Kurudi je, na nibebe nini?

Mabasi ya Mombasa huondoka Mokowe asubuhi mapema, hivyo boti utaipanda gizani. Jioni ya mwisho kamilisha mambo matatu: tiketi, namba ya simu ya mwenye boti, na saa ya maji. Zawadi nzuri ni mikeka na vikapu vya Kipungani, kofia za kushonwa kwa mkono, viatu vya Siyu. Kofia ya vito ikiwa imeshonwa sawasawa huchukua wiki nyingi, usimbane aliyeishona kwa shilingi mia. Maembe yafunge kwenye kapu la ukindu, usiyatie buti ya basi. Yaweke miguuni pako, na likifika Garsen wakakuambia ushuke ukaguliwe, shuka nalo.